Wimbo wa Fisi na Kisima cha Mikuyu

Miaka ile wanyama walipokuwa wakijaribu kwanza kumaliza ugomvi kwa maneno kabla ya kufikia meno, ukame uliingia katika nchi ya mto Mwamchanga ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mwezi wa kwanza mto uliacha kutiririka. Mwezi wa pili vidimbwi vilikauka, vyura wakajifukia. Mwezi wa tatu hapakubaki kitu mtoni isipokuwa mchanga mweupe wa moto, na nyayo za waliokuja kutafuta maji wakarudi kama walivyokuja.

Bibi Tembo ndiye aliyewaokoa. Alikuwa mnyama wa maneno machache na miguu mikubwa. Alitembea polepole juu ya mchanga ule, akinusa kwa mkonga, mpaka akafika mahali ambapo mikuyu saba mikubwa imejipanga ukingoni. Hapo akachimba. Alilegeza mchanga kwa mguu, akautupa kwa mkonga, na jua lilipokuwa linaelekea kutua, chini ya shimo yakaonekana maji. Yalikuwa kiasi cha kujaza viganja vya Nyani.

"Ni machache," alisema Bibi Tembo, "lakini ni maji."

Jioni hiyo Fisi alikuwa amekaa ukingoni, tumbo tupu tangu juzi. Fisi hahitaji kuelezwa sana. Mpe mfupa, atauliza ulipo wa pili. Mpe wa pili, atakutazama wewe mwenyewe. Njaa ilipomzidi aliinua shingo akalia, "Uuuu-wii!" mara tatu, kwa uchungu wa kuona kwamba kila mnyama aliyepita pale alikuwa na nyama, na nyama yenyewe haikuwa yake. Kisha akajikunja akalala.

Asubuhi kisima kilikuwa kimejaa hadi nusu.

Wanyama waliruka kwa furaha. Simba, mfalme wao, alifurahi pia, lakini furaha yake ilikuwa na kinyongo kidogo, kwa kuwa hakupenda jambo kubwa litokee nchini kwake bila yeye kujua limetokeaje. Akaamuru kila mnyama anywe asubuhi tu, mkupuo mmoja mmoja, na baada ya hapo asiguse mtu mpaka kesho yake. Kisha akaitisha baraza.

Hapa inabidi nieleze desturi ya baraza lile, maana ndiyo iliyozaa matata yote. Anayetaka kusema hupanda juu ya kichuguu. Walio chini humuuliza swali moja tu, "Umeona?" Akijibu "Nimeona" mara tatu, neno lake limepita, na atakayebisha anahesabiwa mkorofi. Desturi hiyo iliwekwa zamani kuwakomesha wapiga domo waliokuwa wakileta habari za kusikia. Ilikuwa desturi nzuri, na wanyama waliionea fahari.

Fisi akapanda kichuguu, mkia ukitikisika.

"Jana jioni niliimba. Leo asubuhi maji yamepanda. Wimbo wangu ndio ulioyapandisha."

"Umeona?" wakauliza.

"Nimeona! Nimeona! Nimeona!"

Ikapita. Na nisimuonee Fisi: siku ile hata yeye aliamini. Alikuwa ameshangaa kuliko wote, na nadhani aliona fahari kidogo, maana hakuna aliyewahi kuisifu sauti yake. Mchana ule maji yalishuka tena mpaka karibu na mchanga. Jioni akaimba, asubuhi yakapanda. Ikawa hivyo siku ya tatu, na ya nne. Siku ya tano Fisi akaanza kutembea kifua mbele na kujiita Fundi wa Maji, na Simba akaamuru Fundi apewe chakula chake kila siku, asije akadhoofika.

Siku ya tisa Fundi alipewa paja zima la nyati. Alikula mpaka macho yakalegea, akalala kabla jua halijatua. Hakuimba. Alizinduka alfajiri, akakumbuka, akainuka. Alikimbilia kisimani huku akitunga uongo njiani. Alipofika akasimama ghafla. Kisima kilikuwa kimejaa hadi nusu, kama siku zote.

Pale ndipo Fisi alipopata nafasi ya kuwa mkweli. Aliyatazama yale maji kwa muda mrefu. Kisha akaukumbuka mfupa wa lile paja aliouficha nyuma ya kichaka, na nafasi ikapita.

"Bwana Fisi," aliuliza Nyani, aliyekuwa na kawaida ya kuuliza mambo ya watu, "jana hatukukusikia."

"Niliimba moyoni," alijibu Fisi.

Tangu hapo hakukosa jibu. Siku maji yalipopanda kidogo tu alisema, "Kati yenu kuna wenye shaka, na shaka inakausha visima." Siku ya mawingu mazito, maji yaliposhinda pale pale bila kushuka, alisema, "Jana niliimba kwa ustadi wa pekee." Na wanyama wakaitikia kwa vichwa. Waliona kwamba anayejua kila jibu lazima anajua kila jambo.

Basi njaa ya Fisi ikazoea paja, ikachoka paja, ikataka kitu laini. Asubuhi moja alipanda kichuguu akajikohoza.

"Koo langu limekauka kwa kuwatumikia," alisema. "Waimbaji wote wanajua dawa ya koo ni mayai mabichi. Nimeona kiota cha Mama Kanga chini ya kichaka cha mkwamba. Kina mayai kumi na moja. Keshokutwa asubuhi, nikishapandisha maji, niletewe. Yasipoletwa, sauti itakatika, na maji yatakatika."

"Umeona?"

"Nimeona! Nimeona! Nimeona!"

Mama Kanga alikuwa amesimama nyuma kabisa. Siku ishirini na tatu alikuwa ameyakalia mayai yale, kwenye jua na vumbi, akiondoka mara moja tu kwa siku kunywa mkupuo wake. Alikuwa ameshaanza kuwasikia vifaranga wakigonga ndani. Alitaka kupiga kelele, lakini neno lilikuwa limepita. Akaondoka kimya, akaenda moja kwa moja hadi kwa Sungura.

Sungura alikuwa amelala chali kivulini, mguu juu ya goti. Hakuhudhuria baraza siku hizo kwa sababu, kwa maneno yake, masikio marefu yanaumia upesi. Mama Kanga alimweleza yote huku akilia.

"Wote wamekubali?" aliuliza Sungura.

"Wote. Na mimi ningesemaje, baba? Amesema ameona, na kweli ameona. Hata mimi nimeona. Anaimba, maji yanapanda."

Sungura akaketi. "Mama, wewe huwa unawika asubuhi?"

"Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza."

"Na jua linachomoza?"

"Linachomoza."

"Basi njoo tumwambie Simba kwamba jua ni lako. Tumuombe na wewe uletewe mayai."

Mama Kanga alikuwa na huzuni nyingi, lakini alicheka, kisha akaacha kucheka akafikiri. "Lakini mimi nisipowika, jua linachomoza vilevile."

"Unajuaje?"

"Siku nilizokuwa na homa ya koo sikuwika, na likachomoza."

"Hapo sasa!" alisema Sungura, akaruka juu. "Fisi ameona mambo mawili: wimbo, na maji. Kamba iliyoyafunga pamoja hakuiona. Ameifunga mwenyewe. Mimi nakwenda kisimani."

Kisimani alimkuta Kobe. Kobe alikuwa ameamua kuishi palepale ukingoni, kwa kuwa safari ya kutoka kwake hadi majini ilimchukua siku nzima na kumrudisha na kiu ileile. Kwa kukosa kazi alikuwa amechomeka mwanzi ndani ya maji, na kila mara alipoamka alikwaruza kwa ukucha mahali maji yalipofika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinizibie jua."

"Maji haya yanakwenda wapi mchana? Kuna anayeiba?"

"Hakuna anayeiba. Wakishakunywa asubuhi wanaondoka, nabaki mimi. Jua likipanda, maji yanashuka. Alasiri ndiyo chini kabisa. Jua likizama yanaanza kurudi, pole pole, mpaka alfajiri."

Sungura akapiga makofi. "Nimejua! Ni jua linayanywa. Linayavukiza kama linavyovukiza umande. Kumbe jambo lenyewe dogo!" Na akaanza kucheza ngoma ya ushindi, mkia juu, akizunguka kisima. Alikuwa na tabia hiyo, na wengi walimchukia kwa ajili yake.

"Umejaribu?" aliuliza Kobe.

"Nijaribu nini?"

"Hata Fisi hajajaribu," alisema Kobe, akafumba macho.

Sungura aliona haya. Akakusanya matawi na nyasi, akakifunika kisima chote pasibaki pa kupita mwale wa jua, kisha akaketi akingoja. Alasiri alifunua. Maji yalikuwa chini kabisa, kwenye alama ileile ya kila siku.

Halafu Sungura akaangua kicheko mpaka akaanguka kwenye mchanga. "Nimekosea! Mzee, umeniona nilivyocheza?"

"Niliona," alisema Kobe. "Ngoma nzuri. Usiku wa leo fikiri, ngoma utacheza kesho."

Asubuhi ya pili, wanyama walipokwisha kunywa, Sungura alirudi. Siku iliyofuata ndiyo ya mayai, na hofu ilikuwa imeanza kumpanda. Alimuuliza Kobe juu ya ile siku ya mawingu, akaambiwa kwamba kweli maji hayakushuka. Akauliza kama kuna kisima kingine. Kobe akamwambia kwamba Bibi Tembo alichimba cha pili kwenye kona ya mto, penye mwamba mtupu, na ingawa kilikuwa na maji kidogo, kidogo hicho kilikaa palepale mchana na usiku. Hakikupanda wala kushuka.

"Na Fisi akiimba, cha huko hakimsikii?"

"Sauti yake inafika hata kwa viziwi."

Sungura alijilaza tumbo ukingoni, akachungulia ndani ya kisima. Ndipo alipoona kitu ambacho wote walikuwa wamekiona kila siku bila kukitazama. Kwenye ukuta wa kisima, kati ya mchanga na mchanga, vilining'inia vinyuzi vyekundu, vyembamba, vingi, vyote vimelowa. Alikifuata kimoja kwa macho. Kilipanda ukingoni, kikanenepa, kikawa mzizi, mzizi ukaingia chini ya mkuyu. Akainua kichwa. Nchi nzima ilikuwa kavu na ya kijivu, lakini mikuyu saba ilikuwa na majani mabichi yanayong'aa.

"Mzee Kobe," alinong'ona, "hatunywi peke yetu hapa."

Safari hii hakucheza. Alikaa akalihesabu jambo hili upande huu na upande ule. Kama ni mikuyu inayokunywa, basi hunywa jua likiwaka na kupumzika jua likizama, na mchanga hupata nafasi ya kukijaza tena kisima. Siku ya mawingu mikuyu haikuwa na kiu, ndiyo maana maji hayakushuka. Na kwenye kona ya mwamba hakuna mti, ndiyo maana maji hayana pa kwenda wala pa kurudi. Yote yaliingiana. Lakini hata jua lilikuwa limeingiana vizuri jana.

Alimwendea Nyani, akamnong'oneza sikioni kwa muda. Nyani akaonyesha meno yote. Kisha Sungura akamwomba Simba baraza, na alasiri wanyama wakakusanyika kichuguuni, karibu na kisima.

Sungura alipanda kichuguu. "Mtukufu Simba, mimi nasema kisima kitapanda kesho hata Fisi asipoimba. Sijaona. Naomba tuone."

Manung'uniko yakaenea. Kusimama juu ya kichuguu na kusema "sijaona" lilikuwa jambo la aibu kubwa. Fisi akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Hata siku aliyolala na njaa yake imeshiba," alisema Sungura, "kilipanda."

"Niliimba moyoni!" alifoka Fisi.

Hapo Nyani akainua mkono. "Bwana Fisi, samahani. Kumbe kuimba moyoni nako kunapandisha maji?"

"Kunapandisha sana."

"Nashukuru kwa kuniambia. Basi nami naomba haki yangu. Tangu kisima kichimbwe, kila jioni mimi naimba moyoni. Nyimbo ndefu. Nitachukua mayai matano, na lile la kumi na moja tulipasue katikati."

"Mwongo!" alisema Fisi. "Wewe huimbi kitu."

"Umeona moyo wangu?"

Baraza likacheka. Ngiri akasema kwamba na yeye, akikumbuka vizuri, huimba moyoni. Twiga akasema moyo wake uko mbali na masikio lakini unaimba. Hata Bibi Tembo, ambaye hakuwa na mazoea ya mizaha, alisema, "Mimi pia. Na moyo wangu ni mkubwa." Fisi alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. Aliyaona mayai yake yakigawanyika, matano, kisha mawili, kisha nusu ganda. Kwa mnyama wa tabia yake hayo yalikuwa mateso ya kweli.

"Basi!" alipiga kelele. "Kuimba moyoni si kitu! Moyo hausikiki! Ni sauti ndiyo inayopandisha maji, na ni sauti yangu peke yangu!"

"Una hakika?" aliuliza Simba.

"Nina hakika! Nina hakika! Nina hakika!"

"Mara tatu," alisema Kobe kutoka chini, na ukucha wake ukakwaruza ardhi.

Sungura aliinama kwa adabu. "Nakubaliana na Bwana Fisi. Kama ni sauti, basi asipotoa sauti leo, kesho kisima kitakuwa kikavu, nami nitapanda hapa niseme nimekosea mbele yenu wote. Mayai atapewa, na mimi mwenyewe nitakuwa kitoweo chake."

Hofu iliwaingia wanyama, kwa sababu maji hayakuwa ya Fisi na Sungura peke yao. Je, kama Fisi alikuwa kweli Fundi? Wangelipa usiku mmoja wa ubishi kwa kiu ya siku nzima, na kulikuwa na watoto. Fisi aliiona hofu yao akaikalia.

"Mnasikia? Mnataka kufa kwa ajili ya Sungura? Nisipoimba mtalamba mchanga!"

Mama Kanga akajitokeza mbele. "Kisima kikikauka kesho, mkupuo wa kwanza utakaopatikana msinipe. Wala wa pili. Mimi na watoto wangu tutakaa mwisho wa mstari mpaka mvua inyeshe. Lakini naomba tuone."

Simba alimtazama ndege yule mdogo. Alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mjinga, na tangu siku ya kwanza alikuwa na kile kinyongo chake. "Tutaona," alisema. "Fisi, leo utakaa karibu nami."

Jua lilipozama, Fisi alikuwa amelazwa katikati ya duara, Simba upande huu, Bibi Tembo upande ule. Mwanzo alitulia. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, mara hii kwa mdundo, na mwisho wa kikohozi ukapanda juu kidogo.

"Kikohozi hicho kina kiitikio!" alisema Nyani.

Simba aliuweka mguu wake juu ya mdomo wa Fisi, akauacha hapo mpaka asubuhi. Wote wawili hawakulala vizuri.

Kulipopambazuka wanyama walikwenda kisimani. Mama Kanga alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuchungulia. Kobe alikuwa ameketi mbele ya mwanzi wake.

"Sogeeni mmoja mmoja," alisema. "Alama ya jana alfajiri ni hii. Maji ya leo ni haya."

Maji yalikuwa juu ya alama kwa upana wa ukucha mmoja.

Kelele iliyopigwa pale iliwaamsha popo. Mama Kanga alikaa chini kwenye mchanga. Lakini Fisi, mguu ulipoondolewa mdomoni, alivuta pumzi akasema, "Msishangilie mapema. Hizi ni nyimbo zangu za nyuma. Nyingine zilikuwa bado zimebaki kisimani."

Wapo waliosita, ndiyo. Jibu lolote likisemwa kwa sauti nzito linapata wa kulifuata. Sungura hakukasirika. Alimsogelea Fisi akamuuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Bwana Fisi, niambie jambo moja. Kikipanda, ni wewe. Kisipopanda, ni sisi wenye shaka. Ukiimba, ni wimbo wa leo. Usipoimba, ni wimbo wa jana. Ungeona nini, hata siku moja, ndipo ukubali kwamba si wewe?"

Fisi alitazama juu, akatazama pembeni. "Hakuna," alisema mwishowe, kwa majivuno. "Hakuna kitu ambacho kingenifanya nikubali."

Alidhani ametoa jibu kubwa. Siku nyingine lingekuwa kubwa. Lakini wanyama walikuwa wametoka kumwona Sungura akiweka shingo yake juu ya upana wa ukucha, na wakaona tofauti. Hakuna aliyecheka. Walimtazama tu Fisi, mmoja baada ya mwingine.

Sungura akawaonyesha vinyuzi vyekundu ukutani, mizizi, na mikuyu yenye majani mabichi. Aliwaeleza pia jinsi alivyolisingizia jua kwanza na jinsi alivyocheza ngoma, maana Kobe alikuwa anamkazia macho. "Na kama nimekosea tena," alisema, "mwanzi wa mzee uko hapa. Aje yeyote atazame siku ya mawingu."

Simba akatoa hukumu, na aliitoa kwa furaha ya mfalme ambaye kinyongo kimemtoka. "Fisi, sikunyang'anyi ufundi wako. Kwenye kona ya mwamba kuna kisima kisichopanda wala kushuka. Nenda kakiimbie. Siku kitakapopanda, rudi utaletewa mayai. Kabla ya siku hiyo, tafuta chakula chako mwenyewe."

Fisi akaenda, mgongo umeinama kwa nyuma kama unavyoona mpaka leo. Jioni ile akaimba, na jioni iliyofuata. Hajaacha. Ukipita nchi ya mto Mwamchanga jua likizama utamsikia, "Uuuu-wii!", anasubiri, kisha anaanza upya. Kisima chenyewe kiko palepale.

Barazani waliongeza desturi. Anayepanda kichuguu bado anaulizwa "Umeona?" Lakini siku hizi anaulizwa na la pili, "Na ungeona nini ndipo ukubali umekosea?" Asiye na jibu anashuka bila kusukumwa. Mabaraza yamekuwa mafupi sana.

Siku ya ishirini na sita ya kukaliwa, mayai yakaanguliwa, yote kumi na moja. Vifaranga wakatawanyika chini ya mkwamba, kila mmoja na upande wake, na wanyama wakaja kuwatazama. Sungura naye akaja. Sifa zilikuwa zimempanda kichwani tangu jana yake, na alipoona umati akashindwa kujizuia. Akapanda kichuguu.

"Tazameni!" alisema, masikio wima. "Nilitumia akili, na vifaranga wametoka. Akili zangu ndizo zilizowaangua!"

Wanyama walitazamana. Mama Kanga akatembea mpaka chini ya kichuguu, vifaranga wawili wakimfuata miguuni.

"Nakushukuru, baba, na nitakushukuru maisha yangu yote," alisema. "Lakini umeona?"

"Nimeona! Nimeo..."

"Na ungeona nini ndipo ukubali umekosea?"

Sungura akashusha masikio.

"Nimeyakalia siku ishirini na sita," alisema Mama Kanga. "Kama ni akili zako zinazoangua, msimu ujao ukalie wewe. Mimi nitasimama pembeni nikifikiri."

Sungura alishuka kichuguu. Na kwa kuwa alikuwa Sungura, alipofika chini alikuwa tayari anacheka, kwa nguvu kuliko wote.